Uso unatoka giza, gauni linapauka: nianzie wapi kujifunza kamera?

Msomaji wa Tanga anauliza:

"Shikamoo mwalimu. Nimenunua Canon 700D iliyotumika, pamoja na lenzi yake ya 18-55. Nataka kupiga picha za sherehe, na tayari majirani wameanza kuniita. Nje mchana picha zangu si mbaya. Ila ukumbini watu wanatoka wametikisika, nyuso zinakuwa giza, na gauni la bibi harusi linapauka mpaka nakshi hazionekani. Natumia otomatiki. Shemeji yangu anasema tatizo ni lenzi, nitafute ile ndefu ya 75-300. Je, nianze kununua au kujifunza? Na kama ni kujifunza, nianzie wapi?"

Marahaba binti yangu, na hongera kwa kamera. Pesa ya lenzi ndefu iweke kwanza; nitakueleza huko mbele kwa nini ingekuzidishia shida hiyohiyo. Kamera yenyewe haina neno. Ilitoka mwaka 2013, lakini pikseli zake milioni 18 zinatosha kuchapa picha ya A3 ikatoka safi. Kuna jambo moja ambalo otomatiki imekuficha, na hilo ndilo la kuanza nalo kabla ya kusoma chochote kuhusu lenzi.

Jambo lenyewe ni kwamba kamera haijui inatazama nini. Ndani yake mna kipimo cha mwanga. Kipimo hicho hakijui kuwa hili ni gauni, huu ni uso, lile ni pazia. Kinachojua ni kiasi cha mwanga kinachorudi kutoka kule ulikoielekeza lenzi, na kimetengenezwa kwa kudhani kwamba ukichanganya vyote vilivyomo kwenye fremu, vyeupe na vyeusi, utapata kijivu cha kati. Wapiga picha hukiita kijivu cha asilimia 18, yaani rangi ya kitu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Kwa hiyo kila unapobonyeza, kamera inajitahidi kuirudisha picha kwenye kijivu hicho, hata kama ulichokipiga hakifanani nacho hata kidogo.

Usiniamini kwa maneno, jaribu mwenyewe. Asubuhi, barazani penye kivuli, tandaza shuka jeupe upande mmoja na baibui jeusi upande wa pili. Tafuta pia ukuta wa saruji ambao haujapakwa rangi. Zungusha gurudumu la juu ya kamera mpaka kwenye P, ambako kamera bado inapanga mwanga ila inakuruhusu kuurekebisha, hakikisha flashi haijafunguka, kisha ingia kwenye menyu uzime kipengele kilichoandikwa Auto Lighting Optimizer, maana hicho hurekebisha picha kimyakimya na kitakuharibia jaribio. Sogea karibu hadi shuka lijaze fremu nzima. Kamera itahangaika kutafuta fokasi, yaani mahali pa kuweka ukali wa picha, kwa sababu kwenye shuka tupu hakuna cha kushika. Telezesha swichi ya ubavuni mwa lenzi kutoka AF (kamera inatafuta fokasi) kwenda MF (unaiweka mwenyewe), uendelee. Piga shuka, piga ukuta, piga baibui. Halafu zitazame picha tatu kwa pamoja.

Shuka limekuwa la kijivu kama limefuliwa kwa maji ya tope. Baibui nalo limekuwa la kijivu, limechujuka kama la miaka mingi. Ukuta peke yake ndio umetoka kama ulivyo, kwa sababu ndio uliokuwa karibu na kile ambacho kamera ilikidhania. Vitu vitatu tofauti vimetoka karibu rangi moja.

Sasa rekebisha. Nyuma ya kamera, karibu na skrini, kuna kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa na maandishi Av. Kibonyeze bila kukiachia, huku ukizungusha kigurudumu kilicho nyuma ya kitufe cha kupigia. Utaona alama inasogea kwenye mstari wenye namba. Peleka kwenye +1.5 upige shuka tena: litakuwa jeupe. Peleka kwenye -1.5 upige baibui: litakuwa jeusi, na mikunjo yake utaiona. Ukimaliza rudisha sifuri, maana kamera haitakukumbusha. Cheza na kitufe hicho wiki nzima kabla ya kugusa kingine chochote. Kwa mtazamo wangu ndicho kitufe cha kwanza ambacho mwanafunzi anapaswa kukijua, na nasikitika kuona mafunzo mengi yanakiacha mpaka mwisho.

Tuje kwenye nyuso, ambako watu wetu wameonewa kwa muda mrefu. Enzi za filamu, Kodak ilikuwa ikisambaza kwa maabara za kusafishia picha kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikajulikana kama kadi za Shirley. Rangi za picha zilirekebishwa mpaka ngozi ya mwanamke yule ikae sawa. Mtu mweusi akipigwa pamoja na mtu mweupe, mara nyingi wa kwanza alibaki macho na meno tu. Kamera za kidijitali ni bora mno kuliko hapo, na kipimo cha kamera yako hutilia uzito zaidi sehemu uliyoifokasi, lakini uamuzi wa mwisho kuhusu uso wa mtu bado unapaswa kuwa wako.

Mchukue dada yako, tuseme ni mweusi wa kung'aa. Msimamishe mlangoni, nyuma yake kukiwa na uwanja unaowaka jua, umpige kuanzia kiunoni. Kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, na uso unatoka giza. Hapo unaongeza: +1, pengine hata +2. Sasa msogelee mpaka uso wake ujaze fremu. Safari hii kamera inaona giza, inaongeza mwanga ili ifike kwenye kijivu chake, na ngozi inatoka imepauka kama imepakwa majivu. Hapo unapunguza, kwa theluthi moja au mbili za hatua (hatua ni namba moja nzima kwenye ule mstari). Mtu ni yuleyule na ngozi ni ileile, lakini marekebisho yanapingana. Kanuni ya "mtu mweusi ongeza mwanga" utakayoisikia mitaani ni nusu ya ukweli. Tazama kilichojaa kwenye fremu kwanza, ndipo uamue.

Kuna la zaidi kuhusu ngozi nyeusi ambalo kitufe hakiwezi kukufanyia. Umbo la uso mweusi tunaliona zaidi kwenye mng'ao: ule mwanga unaotelezea kwenye shavu, ukingo wa pua, paji la uso. Mng'ao mzuri hutoka kwenye chanzo kikubwa cha mwanga kilichokaa kwa pembeni, kama dirisha, mlango uliofunguliwa, au ukuta mweupe wa jirani uliopigwa na jua. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako nchini Mali mwaka 1948, aliwapiga wateja wake wengi uani kwa mwanga wa mchana, nyuma yao akitundika kitambaa chenye maua au nakshi, na kwa kawaida picha moja tu kwa kila mteja. Zitafute picha zake uzitazame kwa makini. Angalia mng'ao umekaa wapi usoni, utajua dirisha au uwazi ulikuwa upande gani. Zoezi hilo halina gharama.

Kwa jua letu la pwani, hilo lina maana kubwa. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa, na miezi mingine halitofautiani sana. Mwanga wa namna hiyo unachimba mashimo meusi machoni na kuweka kivuli cha pua juu ya mdomo. Usimpige mtu katikati ya jua saa sita. Mtoe, mpeleke ukingoni mwa kivuli cha mwembe au barazani, ageukie nje kule kwenye mwanga. Jioni ndiyo saa yako, lakini usizembee: kwetu jua linashuka karibu wima, ule mwanga wa dhahabu haudumu hata nusu saa kabla halijazama. Kama maharusi wamekuahidi saa kumi na mbili kamili ufukweni, waombe waje saa kumi na moja.

Sasa twende ukumbini, maana huko ndiko kulikokuleta kwangu. Fungua picha mojawapo iliyotikisika, bonyeza INFO, usome namba. Sitashangaa ukikuta 1/20, f/5.6, ISO 1600. Namba hizo ndizo kamera nzima.

1/20 ni kasi ya shata: mlango wa ndani ulikaa wazi kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Mtu anayecheza huku akizungusha leso anasafiri mbali katika muda huo. f/5.6 ni tundu la lenzi, na namba zake zinakwenda kinyume: kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, kila moja ikipitisha nusu ya mwanga wa iliyotangulia. ISO ni kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga iliyoupata. Ukiipandisha picha inang'aa, lakini chenga zinaongezeka. Kila mara unapozidisha mwanga mara mbili au kuupunguza nusu, kwa njia yoyote kati ya hizo tatu, umepiga hatua moja.

Itazame tena ile picha. Kama nguzo na viti vimetoka vikali ila watu wamefutika, watu ndio waliosogea na shata ilikuwa polepole. Kama kila kitu kimefutika, ni mkono wako. Lenzi ya 18-55 yenye swichi ya Stabilizer inatuliza mkono, ila hakuna swichi ya kumtuliza anayecheza. Mtu anayeongea au kukata keki anahitaji kama 1/125. Anayecheza, 1/250 au zaidi.

Chukua mfano wa kutoka 1/20 kwenda 1/160. Hizo ni hatua tatu: 1/40, 1/80, 1/160. Mwanga utakaoupoteza ni lazima uutafute mahali pengine. Ukipandisha ISO kutoka 1600 hadi 3200, umepata hatua moja. Chenga zitaonekana, zivumilie. Picha yenye chenga mama mzazi ataifurahia, iliyotikisika hana la kufanya nayo. Ukiacha kuvuta lenzi hadi 55, ukairudisha 18 na kusogea kwa miguu, tundu linafunguka kutoka f/5.6 hadi f/3.5, hapo umepata zaidi ya hatua moja. Hatua iliyobaki ipate kwa flashi au kwa lenzi nyingine.

Sasa tumefika kwa shemeji yako. Ile 75-300 aliyoitaja, iliyozagaa madukani, tundu lake ni f/4 hadi f/5.6. Ukiivuta yote unarudi kwenye f/5.6 ileile, haina kitulizi cha mkono, na kwa urefu huo unahitaji kama 1/500 ili mkono wako usionekane kwenye picha. Ni lenzi ya mpira wa miguu saa tisa mchana. Ukumbini itakuongezea giza na mtikisiko.

Lenzi itakayokusaidia ni fupi na nyepesi: 50mm f/1.8. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 ni mwanga karibu mara 10. Kwenye kamera yako inavuta karibu, kama lenzi ya 80mm ingefanya kwenye kamera ya filamu, kwa hiyo ni tamu kwa nyuso na nusu mwili, ila haitakuingizia ukoo mzima kwenye fremu. Kwa hao unarudi kwenye 18-55. Hiyo 50mm nayo ina masharti. Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, kwa f/1.8, sehemu kali ya picha ina kina cha sentimita 6 hivi. Fokasi ikikaa kwenye sikio, jicho limeshapotea. Chagua mwenyewe nukta ya fokasi uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Wakiwa wawili, funga tundu hadi f/2.8 au f/4.

Flashi ndogo iliyomo kwenye kamera usiidharau, ila usiiachie otomatiki. Otomatiki inamulika aliye mbele na kuacha ukumbi mweusi nyuma yake, kwa sababu mwanga wa flashi unaishiwa nguvu haraka: umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo. Weka gurudumu kwenye M, ambako namba zote unazipanga mwenyewe: 1/60, f/4, ISO 800, lenzi ikiwa upande wa 18, kisha fungua flashi. Flashi inamgandisha mtu, na 1/60 inaruhusu taa na mapambo ya ukumbi kuingia. Kwa ISO 800 flashi hiyohiyo inafika mbali karibu mara tatu kuliko kwa ISO 100. Shata usiivushe 1/200 flashi ikiwa wazi, ndiyo mwisho wake. Na mwambie anayewapamba maharusi awe na tishu, jasho la paji la uso likipigwa na flashi ya mbele linageuka doa jeupe lisilofutika.

Baadaye utanunua flashi kubwa ya juu, ambayo unaielekeza darini ili mwanga urudi ukiwa mpana. Hiyo inafaa dari likiwa jeupe na la chini. Chini ya turubai, au ukumbini kwenye vitambaa vya zambarau hadi juu, mwanga utarudi na rangi ya kitambaa au hautarudi kabisa.

Halafu kuna mtu wa video. Taa yake ndiyo nyeupe kuliko zote humo ndani, na huwashwa pale panapotokea jambo: kuingia, keki, zawadi. Wengi wanajibanza nyuma yake na kupata nyuso bapa. Wewe kaa kwa pembeni, taa yake ikupitie upande, nawe utapata ule mng'ao wa shavu nilioueleza. Salimiana naye mapema, mwambie utakaa wapi, usimkatie njia. Taa za bluu na zambarau za DJ zikimwangukia bibi harusi usoni subiri zipite, ngozi iliyozama kwenye rangi moja haitengenezeki vizuri hata kwenye kompyuta.

Limebaki gauni. Kamera haiwezi kuhifadhi mwanga uliozidi: sehemu ikishapauka kabisa, nakshi hazimo kwenye faili, hakuna programu ya kuzirudisha. Uso uliotoka giza kidogo, ukiwa umepiga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, unaweza kuuinua. Kwa hiyo linda gauni kwanza. Baada ya kupiga, bonyeza INFO mpaka ioneshe mchoro wa mwanga. Sehemu zilizopauka zitakuwa zinawakawaka kwa weusi. Gauni likiwaka, punguza theluthi mbili upige tena. Afadhali zaidi, mgeuze bibi harusi ili uso wake ndio uelekee kwenye mwanga na gauni libaki pembeni ya mwanga huo, shida itapungua nusu kabla hujagusa kitufe. Kwenye menyu ya ubora wa picha chagua RAW pamoja na JPEG: JPEG ya kuwatumia watu usiku uleule, RAW ya kuhangaika nayo kesho yake.

Kwa manunuzi basi, anza na betri ya pili na kadi ya pili. Kisha 50mm. Flashi kubwa ifuate sherehe zikianza kukulipa. Kwa kuwa lenzi yako imetumika na uko pwani, ichungulie ndani kwa kuimulika tochi kutoka upande wa pili: ukiona nyuzi kama za buibui kwenye kioo, hiyo ni kuvu, na fundi aione mapema. Usiifungie kamera kwenye mkoba wa ngozi kabatini, ngozi inatunza unyevu. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vinatosha, mradi uvibadilishe vikichoka.

Majirani wanaokuita, usiwakatalie, ila harusi ya mtu usiichukue peke yako kwa sasa. Mwombe mpiga picha mwenye uzoefu hapo Tanga akuruhusu umfuate kama msaidizi, ubebe taa, upige pembeni. Ubatizo, maulidi ya nyumbani, siku ya kuzaliwa ya mtoto, hizo pokea. Siku hiyo kabla ya kulala hamishia picha kwenye kompyuta na kwenye diski ya pili, zifungue kote kuwili uone zinafunguka, ndipo uiweke kadi kwenye kamera na kuiformati, yaani kuifuta yote, humohumo.